Programu ya Linux ikigoma baada ya kusasishwa: jinsi ya kupata na kurudisha toleo la zamani

Kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri jana. Jioni mtu akaiunganisha na hotspoti ya simu, ikajisasisha, na leo asubuhi printa haichapishi. Ikiwa kompyuta hiyo ni ya katibu wa AMCOS na wakulima wamepanga foleni na pamba yao, au ni ya mwalimu anayetakiwa kutoa mitihani kesho, siku imeharibika.

Kwa anayetumia Linux, tatizo hili lina dawa. Toleo la programu lililokuwa likifanya kazi halijapotea. Mara nyingi bado limo ndani ya kompyuta yenyewe, na kama halimo, limehifadhiwa bure na wale waliolitengeneza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulipata, jinsi ya kuliweka bila kumaliza bando, na wakati ambapo kurudi nyuma ni hatari.

Maelezo yanahusu zaidi Ubuntu, Debian na Linux Mint, kwa sababu zote tatu huweka programu kwa njia moja. Mwishoni tutagusa simu za Android, ambazo nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux.

Maneno manne ya kufahamu

*Toleo* ni namba inayoonyesha programu ni ya lini. Programu ikirekebishwa, namba hupanda.

*Kifurushi* hapa si kifurushi cha intaneti cha kampuni ya simu. Ni faili moja lililofunga programu nzima, tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Kwa Debian na ndugu zake jina la faili hilo huishia na *.deb*.

*Ghala* ni seva inayotunza vifurushi. Kompyuta yako inapojisasisha, huenda kwenye ghala, hulinganisha namba, na kuchukua kilicho kipya.

*Terminali* ni dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Amri inayoanza na neno *sudo* itakuuliza nywila, kwa sababu inabadilisha kompyuta.

Kwanza, jua ni nini kilichobadilika

Usianze kutafuta chochote mtandaoni kabla ya kusoma daftari la kompyuta yako. Linux huandika kila kifurushi kilichobadilishwa, siku na saa. Fungua terminali uandike:

less /var/log/apt/history.log

Shuka hadi tarehe ya tatizo. Utaona mstari unaoanza na neno *Upgrade*, na baada yake majina ya vifurushi. Mbele ya kila jina kuna mabano yenye namba mbili: ya kwanza ni toleo la zamani, ya pili ni jipya. Andika ile ya kwanza kwenye karatasi, herufi kwa herufi, pamoja na nukta na vistari vyake. Hiyo ndiyo namba unayoitafuta. Ukimaliza kusoma, bonyeza herufi q kutoka.

Hatua hii haihitaji intaneti, na huokoa muda mwingi. Watu wengi hurudisha programu isiyo na kosa, kisha hushangaa tatizo likibaki palepale. Kama ni printa, angalia jina *cups*, maana ndiyo programu inayosimamia uchapishaji. Kama ni modemu au Wi-Fi, angalia majina yanayoanza na *linux-image* au *linux-firmware*.

Njia zisizokula hata MB moja

Kabla ya kununua bando, jaribu haya manne.

1. *Kiini cha zamani.* Kiini cha Linux, wengine huita kerneli, kinaposasishwa, kile kilichotangulia kwa kawaida huachwa. Zima kompyuta, uiwashe, na mara tu inapoanza kuwaka bonyeza Esc au shikilia Shift. Kwenye orodha itakayotokea chagua *Advanced options for Ubuntu*, kisha chagua mstari wenye namba ndogo kuliko ule wa juu. Kama Wi-Fi au modemu itarudi, umepata mchawi wako. Kwa muda huo usitumie amri ya *autoremove*, kwa sababu kazi yake ni kufuta vitu vya zamani.

2. *Programu za aina ya snap.* Kwenye Ubuntu, baadhi ya programu, ikiwamo Firefox, huja kwa mfumo uitwao snap. Mfumo huo huweka toleo lililotangulia ndani ya diski. Kurudi ni amri moja, ukiweka jina la programu mahali pa neno *jina*:

sudo snap revert jina

3. *Timeshift.* Linux Mint huja na programu hii. Kama ulishaiwasha ikawa inapiga picha ya mfumo, unaweza kurudisha kompyuta ilivyokuwa wiki iliyopita. Kama hukuiwasha, haitasaidia leo, lakini iwashe kwa ajili ya kesho.

4. *Stoo ya kompyuta.* Vifurushi vilivyowahi kupakuliwa wakati mwingine hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Itazame kwa amri ya *ls*. Ukikuta faili lenye jina na namba uliyoandika kwenye karatasi, huna haja ya kwenda ghalani.

Kuchukua toleo la zamani ghalani

Kama njia hizo zimeshindikana, uliza ghala lina matoleo gani. Kwa mfano wa programu ya uchapishaji:

apt policy cups

Majibu yatakuonyesha toleo ulilonalo, toleo ambalo kompyuta ingependa kuweka, na chini yake orodha ya yote yanayopatikana. Kwenye Ubuntu mara nyingi utakuta mawili: lile la siku Ubuntu hiyo ilipotoka, na lile la marekebisho ya mwisho. Kama unalolitaka limo, andika hivi, ukiweka namba kamili mahali pa neno NAMBA:

sudo apt install cups=NAMBA

Soma kompyuta inachosema kabla ya kujibu ndiyo. Itakwambia ni vifurushi vipi vitashushwa na, muhimu zaidi, vipi vitaondolewa. Ikisema itaondoa vitu kumi usivyovijua, jibu hapana. Ukitaka kuona matokeo bila kubadilisha chochote, ongeza *-s* baada ya neno install. Hapo kompyuta hufanya maigizo tu.

Wakati mwingine itakataa, ikidai kwamba kifurushi kinategemea kingine. Programu nyingi huenda kwa ukoo. Cups ina ndugu zake, kama cups-daemon na cups-client, na mara nyingi ndugu wote wanatakiwa kuwa na namba moja. Rudi kwenye daftari, angalia ni ndugu gani walisasishwa siku ileile, kisha wataje wote kwenye amri moja, kila mmoja na namba yake ya zamani.

Kompyuta haina intaneti, simu ninayo

Hii ndiyo hali ya ofisi na shule nyingi vijijini. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuunganisha simu na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha kwenye simu kuwasha sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB. Kebo haimalizi chaji ya simu kama hotspoti. Lakini kabla ya kuunganisha, zima usasishaji wa moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipofanya hivyo, kompyuta itaona intaneti na kuanza kushusha mamia ya MB ambazo hukuzipangia.

Ya pili inafaa pale ambapo mtandao hauna nguvu ofisini, lakini ukipanda kilimani au ukifika mjini Bariadi unapatikana. Iambie kompyuta ikuandikie anwani za mafaili inayoyahitaji, bila kuyapakua:

sudo apt-get install --print-uris -y --allow-downgrades cups=NAMBA > orodha.txt

Ndani ya faili la orodha.txt kila mstari una anwani ya kifurushi, jina lake na ukubwa wake kwa baiti. Gawanya baiti kwa milioni moja na utapata makadirio ya MB, hivyo unajua bando la kununua. Hamishia orodha hiyo kwenye simu, pakua mafaili popote penye mtandao, kisha yarudishe kwenye kompyuta kwa kebo au flashi. Yaweke yote kwenye folda moja, ingia humo kwa terminali, uandike:

sudo apt install ./*.deb

Ile nukta na mkwaju mwanzoni ni lazima. Vinamwambia apt kwamba mafaili yako hapahapa, asiyatafute ghalani.

Toleo halimo ghalani: maghala ya kumbukumbu

Ghala la kawaida halitunzi kila kitu. Kwa matoleo yaliyoondolewa kuna maghala ya kumbukumbu, na yote ni ya bure.

*snapshot.debian.org* hutunza vifurushi vya Debian kama vilivyokuwa siku hadi siku tangu Machi 2005. Unaweza kutafuta kwa jina la kifurushi au kwa tarehe.

*archive.debian.org* hutunza matoleo mazima ya Debian ambayo muda wake umeisha.

*old-releases.ubuntu.com* hufanya kazi hiyo kwa Ubuntu. Kompyuta yenye Ubuntu iliyostaafu ikisema ghala halipo, mara nyingi ni kwa sababu ghala limehamia huku.

*launchpad.net* huonyesha historia ya kila kifurushi cha Ubuntu, yakiwamo yale matoleo ya katikati ambayo ghala la kawaida limeshayaondoa.

*downloadarchive.documentfoundation.org* hutunza matoleo ya nyuma ya LibreOffice, programu ya ofisi ambayo wengi huitumia kuandika barua na kupiga hesabu. Tahadhari: LibreOffice ni mamia ya MB.

Chagua kifurushi kinacholingana na kompyuta yako kwa mambo mawili. La kwanza ni toleo la mfumo: kifurushi cha Ubuntu 22.04 si cha 24.04. La pili ni aina ya kompyuta: *amd64* ni ya biti 64, *i386* ni ya biti 32. Amri ya *lscpu* itakuonyesha kompyuta yako inakubali zipi.

Epuka tovuti nyingine zinazojitangaza kuwa na matoleo ya zamani. Kifurushi kinachotoka ghala rasmi kwa njia ya apt hulindwa kwa sahihi ya kidijiti, na kompyuta huikagua yenyewe. Faili la kuokota mtandaoni halina ulinzi huo, nawe unaliweka ukiwa na mamlaka yote ya *sudo*.

Lifunge lisipandishwe tena

Ukishafanikiwa, kazi bado. Kesho kompyuta ikipata mtandao itaona toleo la zamani, italipandisha tena, na printa itanyamaza upya. Ifungie:

sudo apt-mark hold cups

Kama ulirudisha ndugu kadhaa, wataje wote. Kuona vilivyofungwa andika *apt-mark showhold*. Kufungulia andika *sudo apt-mark unhold* na jina. Bandika karatasi pembeni ya kompyuta: nini kimefungwa, tarehe gani, na kwa nini. Atakayekuja baada yako hatajua, na kifurushi kilichosahauliwa kikiwa kimefungwa hukaa miaka bila marekebisho ya usalama.

Je, la zamani ni salama?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye programu, kidonda kinaweza kuwa kwa mpya au kwa kuukuu, na mifano miwili inatosha kuonyesha.

Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya siri mtandaoni. Kasoro hiyo iliweza kumvujishia mwizi nywila na funguo za siri. Dawa ilikuwa kusasisha haraka. Aliyeng'ang'ania toleo lake la zamani, la kuanzia 1.0.1 hadi 1.0.1f, alibaki na mlango wazi.

Machi 2024 mambo yaligeuka. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo mapya ya programu ya *xz*, namba 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamewekewa mlango wa siri kwa makusudi. Safari hii wataalamu waliwaambia watumiaji warudi kwenye toleo la zamani mara moja. Debian thabiti, ambayo hutumia programu zilizokwisha kukaa na kupimwa, haikuguswa.

Funzo lake ni kwamba kurudi nyuma kunataka sababu inayojulikana. Printa imegoma, rudi. Umechoshwa na rangi za toleo jipya, vumilia. Na programu zinazokutana na dunia ya nje, hasa brauza na OpenSSL, zisikae kwenye toleo la zamani kwa muda mrefu. Kwa brauza kuna sababu ya ziada: Firefox huweza kukataa kufungua kumbukumbu zilizokwisha kuguswa na toleo jipya.

Kompyuta kuukuu

Wengine hawatafuti kifurushi kimoja bali mfumo mzima wa zamani, kwa sababu kompyuta yao ni ya biti 32. Ubuntu iliacha kutoa toleo la kawaida la mezani kwa kompyuta hizo mwaka 2017. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, bado inazikubali, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Kabla ya kukata tamaa, soma majibu ya *lscpu* kwa makini. Kompyuta nyingi zilizowekewa mfumo wa biti 32 zina uwezo wa 64, na hizo zinaweza kupokea mfumo mpya mwepesi kama Lubuntu au Xubuntu. Ni bora kuliko kuunganisha mtandaoni mfumo uliostaafu.

Historia yetu ina mfano wa toleo la zamani la heshima. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilitengenezwa kwa kompyuta za wakati ule, kwa hiyo anayeitafuta leo atafaidika nayo kihistoria zaidi kuliko kikazi.

Na kwenye simu?

Android ina kanuni yake: hairuhusu toleo la zamani kuwekwa juu ya jipya. Ni lazima uiondoe programu kwanza, na ukiiondoa, taarifa zake hufutika. Hifadhi nakala kabla.

Kwa programu zilizokuja na simu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha chagua kuondoa masasisho. Itarudi kwenye toleo la kiwandani. Kwa simu kuukuu, Play Store huweza kukupa yenyewe toleo la mwisho linaloikubali simu yako. Ghala la F-Droid, linalotunza programu huria za Android, huorodhesha pia matoleo yaliyotangulia kwenye ukurasa wa programu.

WhatsApp ni habari nyingine. Tarehe 24 Oktoba 2023 ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi, na matoleo yake ya zamani huisha muda. Anayekuuzia WhatsApp ya zamani kwa simu iliyokataliwa, au ile iliyochakachuliwa, anakupa hasara au mtego. Na programu za benki na za kutuma pesa usizichukue kabisa nje ya Play Store. Zikikataa kwenye simu yako, menyu ya kupiga nyota na namba bado ipo, na haihitaji toleo lolote.

Kwa kifupi

Soma daftari ujue kilichobadilika. Tafuta kwanza ndani ya kompyuta, kisha ghala rasmi, kisha ghala la kumbukumbu. Fanya maigizo kwa *-s* kabla ya kubadilisha. Funga kwa *hold* na uandike tarehe. Kila mwezi fungulia, jaribu toleo jipya, na likikubali, achana na la zamani.

Jambo la mwisho ni la kufanya leo, kabla tatizo halijatokea: usisasishe kompyuta ya kazi siku moja kabla ya mitihani, malipo au msimu wa kununua pamba. Sasisha siku ambayo una nafasi ya kukosea.